Kurekodi mahame na kuchora ramani ya eneo la kale: hatua kwa hatua

Mahame mengi hayana kuta ndefu za kupigia picha. Yana msingi uliobaki kimo cha kifundo cha mguu, vigae vya vyungu vilivyofumuka baada ya mvua, mavi ya chuma (makapi ya kuyeyushia chuma) mahali palipokuwa na tanuri, na kisima ambacho leo ni kibonde chenye nyasi mbichi kuliko za pembeni. Anayeyarekodi anamwandikia mtu ambaye hakuwepo siku ile. Mtu huyo aweze kurudi palepale, aone kilichoonekana, na ajue kwa nini mpaka ulipitishwa hapo na si mita hamsini mbele.

Mwongozo huu ni wa anayeanza: mwanafunzi, ofisa wa serikali ya mtaa, mwanakikundi wa urithi, mtu wa kujitolea. Hauhusu kuchimba. Kuchimba kuna kibali chake na wataalamu wake, na hata kukifanywa kwa ustadi kunaharibu kile kinachochimbwa. Kati ya 1902 na 1904 Richard Hall, msimamizi wa Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe, wakati wa ukoloni, aliondoa tabaka nene za udongo ndani ya kuta, akiamini ni taka za wakazi wa baadaye zinazofunika kazi ya wageni wa kale. Ushahidi wa nani aliujenga mji ule ulikuwa umo humohumo kwenye udongo aliouzoa. Mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alipokwenda kuchimba mwaka 1929 ilimbidi atafute sehemu ambazo mikono ya waliomtangulia haikuzifikia, ndipo akathibitisha kuwa mji ni wa Waafrika wenyewe. Kwa hiyo tangu mwanzo tukubaliane: tunaangalia, tunapima, tunapiga picha, tunaandika. Kigae kinabaki kilipo.

1. Kibali kwanza

Ulizia sheria ya mahali unapokwenda, maana kila nchi ina kipimo chake cha kitu kuitwa cha kale. Tanzania, kwa sheria yake ya mambo ya kale ya 1964, inatumia mwaka 1863 kama mstari: jengo lililojengwa kabla ya hapo linalindwa hata kama hakuna bango. Sheria ya Kenya ya 2006 inatumia 1895. Uingereza, kwa sheria ya 1979, maeneo yanayolindwa yanawekwa kwenye orodha rasmi, na kupitisha kifaa cha kutafutia vyuma kwenye eneo lililoorodheshwa bila ruhusa ni kosa, hata usipochimba kitu. Droni nayo huwa na kibali chake, mbali na kibali cha eneo.

Karatasi ya ofisini haitoshi. Ardhi ina mwenyewe, na mahame mara nyingi yana makaburi ambayo bado yanazuriwa. Nenda kwa wazee wa mahali kabla ya kwenda porini, waeleze unachofanya, uliza pa kukanyaga na pasipokanyagwa. Hapo ndipo utakapopata pia majina. Ramani rasmi inaweza kuandika jina moja kwa kilima kizima wakati wenyeji wana majina manne, na moja kati ya hayo manne maana yake ni “penye kuta”.

2. Kazi ya mezani

Kabla ya kuvaa viatu, kaa na picha za angani. Programu ya Google Earth Pro ina kitufe cha kurudi nyuma miaka; fungua kila tarehe iliyopo, hasa za kiangazi. Mimea iliyo juu ya msingi wa mawe hukauka mapema kwa kuwa mizizi haina udongo wa kutosha, na iliyo juu ya handaki la kale hukaa mbichi kwa kuwa chini kuna unyevu. Julai 2018, Ireland ilipokumbwa na ukame, droni iliyorushwa karibu na Newgrange, kaburi kubwa la kale, ilionyesha duara kubwa ambalo halikuwa limewahi kuonekana kwenye lile shamba. Mwaka wenye mvua ungelificha kabisa.

Zipo pia picha za setilaiti za kijasusi za Marekani ziitwazo CORONA, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1995, zaidi ya 800,000. Thamani yake ni umri: zinaonyesha mashamba, miji na mabwawa ya leo kabla hayajakuwepo. Ukiona tuta la duara mwaka 1967 na leo hapo pana ghorofa, rekodi hilo nalo. Eneo lililopotea ni taarifa, wala si sababu ya kulifuta kwenye orodha.

Ramani za zamani za karatasi zina mtego mmoja. Viwianishi vyake, yaani namba zinazotaja mahali, vimehesabiwa kwa datamu, yaani kigezo cha umbo la dunia, ambacho si hiki cha GPS. Ramani nyingi za Afrika Mashariki za skeli ya 1:50,000 zinatumia Arc 1960, wakati simu yako inatumia WGS84. Ukichukua namba kutoka kwenye ile karatasi na kuziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha, utajikuta umesimama takribani mita 300 kutoka mahali penyewe, umezungukwa na vichaka visivyo na chochote, ukiwalaumu waliochora ramani. Angalia pembezoni mwa karatasi; jina la datamu limeandikwa pale kwa herufi ndogo.

3. Vya kubeba

Simu yenye programu ya kukusanya data isiyotegemea mtandao (QField na KoboToolbox zote ni za bure), tepu mbili za kupimia, moja ya mita 30 au 50 na nyingine ya mita 5, dira, kamba, vigingi, rula ya picha yenye mistari myeupe na myeusi, kibao kidogo cha kuandikia namba, daftari na penseli. Penseli, si kalamu ya wino. Karatasi ikilowa, wino unakimbia, penseli inabaki.

4. Kutembea

Usitembee kufuata kinachovutia macho. Gawa eneo kwa mistari sambamba, kila mtu na mstari wake, nafasi kati ya mtu na mtu iwe mita 5 hadi 20 kulingana na nyasi. Mkifika mwisho, mnageuka na kurudi kwa mistari ya pili. Kila anayekuta kitu anasimama, anapaza sauti, na wengine wanasimama hadi nukta ichukuliwe.

Pamoja na kinachoonekana, andika ardhi ilikuwa inaonekana kiasi gani. Ninatumia makadirio rahisi: asilimia ya udongo ulio wazi. Shamba lililolimwa juzi ni 90, kichaka kizito ni 5. Namba hii inaokoa mabishano ya baadaye, kwa sababu “hatukuona vigae” kwenye udongo wa 90 na “hatukuona vigae” kwenye kichaka cha 5 ni habari mbili tofauti kabisa. Wanaoiruka namba hii huishia na ramani inayoonyesha kwamba watu wa kale walipenda kuishi kwenye mashamba ya leo.

Nukta ya GPS usiichukue ukiwa unatembea. Simama, subiri dakika moja au mbili, soma kiasi cha makosa kinachoonyeshwa na programu, na ukiandike. Simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea mita chache, kama tano hivi. Chini ya miti minene au pembeni ya ukuta mrefu hukosea zaidi. Mita tano zinatosha kumrudisha mtu kwenye mahame. Kuchora nyumba yenye upana wa mita nne hazitoshi. Hapo unahitaji tepu, au mashine ya GNSS (ya setilaiti kama GPS) ya wapimaji ambayo hukosea sentimita moja au mbili.

5. Fomu

Kila eneo lipewe namba isiyotumika tena popote, hata eneo likifutwa. Usitegemee jina. Majina hujirudia, hubadilika tahajia, na kijiji kikihama huenda nalo.

Fomu yangu haina mambo mengi: namba, tarehe, mwandishi, viwianishi na kiasi cha makosa, aina ya mabaki, vipimo, hali ya sasa, hatari zinazoonekana, matumizi ya ardhi, alichosimulia mwenyeji, na mwonekano wa ardhi. Penye shida ni hali na hatari, kwa kuwa hapo mkono hupenda kuandika hukumu badala ya ulichokiona. Linganisha sentensi hizi mbili zinazoelezea shimo moja:

“Wezi wa hazina wameharibu upande wa mashariki.”

“Mashariki, mita 3 kutoka kona ya ukuta A: shimo, urefu mita 1.4, upana mita 1.2, kina sentimita 80. Kingo kali, hakuna nyasi ndani. Udongo uliotolewa umerundikwa kusini, una vigae 11 juu yake.”

Ya kwanza haimsaidii mtu, na huenda ni uongo. Labda lilikuwa shimo la choo. Ya pili inamwezesha mtu wa mwakani kurudi, kupima, na kusema limekua au halijakua. Kingo kali zisizo na nyasi zinasema shimo ni jipya bila wewe kumtaja yeyote.

Alichosimulia mwenyeji kiandike kama kilivyosemwa, katika sehemu yake, bila kukichanganya na ulichokiona. Mzee akisema kisima kilikuwa na ngazi, andika alivyosema. Ukiona ngazi, andika umeona.

6. Picha

Nilipoanza kazi hizi nilipiga picha zaidi ya mia tatu za magofu kwa siku mbili, nikaridhika na nafsi yangu. Nyumbani nikagundua kuta nne za chumba kimoja zinafanana kama mapacha. Ukuta pekee niliouweza kuutambua ni ule ambao mwenzangu alikuwa ameanika shati lake la buluu kwenye kichaka cha jirani. Tangu siku hiyo kibao cha namba hakinitoki mkononi.

Utaratibu ni huu: picha ya kwanza ni kibao chenye namba ya eneo, namba ya ukuta na mwelekeo unakotazama. Halafu eneo zima kutoka mbali, ukuta wote, kisha sehemu ya karibu yenye rula. Rula ilale kwenye uso uleule wa kinachopimwa. Ukiiweka nusu mita mbele ya ukuta, ukuta utaonekana mdogo kuliko ulivyo. Misingi ya chini ipige asubuhi mapema au jioni, jua linapolala na kila tuta kutupa kivuli. Maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe usiyapake chaki wala usiyamwagie maji ili yasomeke. Mulika kwa tochi kutoka pembeni, herufi zitajitokeza zenyewe.

Ukitaka umbo la vipimo vitatu, fotogrametri, yaani kuunda umbo hilo kutokana na picha nyingi, inakubali hata kamera ya simu. Zunguka ukuta ukipiga picha zinazoingiliana kwa asilimia 70 hadi 80, yaani kila jiwe lionekane katika picha tatu au nne mfululizo. Chagua siku ya mawingu, vivuli visibadilike katikati ya kazi, na uache rula mbili ndani ya picha. Bila kipimo, programu itakupa ukuta mzuri usiojulikana kama ni wa mita mbili au ishirini.

7. Mchoro wa kupima

Picha zikishapigwa bado mchoro wa mkono unahitajika, na sisemi hivyo kwa mapenzi ya ukale. Anayechora hulazimika kuamua kila jiwe ni la ukuta au limeanguka, na kamera haiamui.

Tandaza tepu ndefu ardhini kama mstari mkuu, ifunge kwenye vigingi viwili, chukua viwianishi vya kila kigingi. Kutoka kwenye mstari huo pima kwa tepu fupi kwenda kila kona, kwa pembe mraba. Pembe mraba ukitaka kuihakiki, tumia kamba ya mita 3, 4 na 5: pande hizo zikikutana, kona kati ya 3 na 4 ni nyuzi 90. Chora palepale, kwenye karatasi ya gridi, skeli 1:50 kwa nyumba na 1:200 kwa mtaa. Jiwe lililo mahali pake lichore kwa mstari mzima. Unalokisia, kwa mstari wa vipande. Kaskazini, skeli na tarehe viandikwe kabla hujanyanyuka.

8. Mpaka

Hapa ndipo ramani nyingi za maeneo ya kale huharibika. Nukta ni rahisi, kila mtu anachukua nukta. Lakini nukta hailindi kitu. Barabara ikipangwa, mhandisi ataikwepa nukta yako kwa mita kumi na kupitisha greda katikati ya makaburi. Kinachomsimamisha ni poligoni, yaani mstari uliofungwa kulizunguka eneo, na poligoni lazima iwe na sababu.

Tembea kutoka katikati kuelekea nje, ukihesabu vigae katika kila mraba wa mita mbili kwa mbili, kila baada ya mita kumi. Tuseme unapata 23, 19, 20, 8, 3, 1, 0, 0, 0. Baada ya sufuri tatu weka kigingi, rudi katikati, tembea upande mwingine. Fanya hivyo kwa pande nane. Ukiunganisha vigingi unapata mpaka wa mabaki yaliyoonekana, na mtu yeyote anaweza kurudia hesabu.

Lakini si kila upande utaishia kwa sufuri. Upande mmoja utakutana na mto. Mwingine utakutana na uzio wa shamba ambalo mwenyewe hayupo, na vigae bado ni 14. Mwingine utaingia kichakani. Pande hizi zote ukizifunga kwa mstari mmoja unaofanana, umedanganya bila kukusudia. Gawa mpaka vipande, kila kipande kiandikwe kilivyopatikana: “vigae vimeisha”, “ukingo wa mto”, “uzio, mabaki yanaendelea”, “haionekani”. Atakayekuja akiruhusiwa kupita uzio atajua pa kuanzia.

Halafu tofautisha mistari mitatu ambayo watu huichanganya kila siku. Kuna mpaka wa mabaki, uliotembea na kuuhesabu. Kuna mpaka wa kisheria, ulioandikwa kwenye tangazo la serikali, ambao pengine ulichorwa miaka sitini iliyopita kwa rula juu ya ramani ya karatasi. Na kuna ukanda wa kinga, eneo linalozunguka ambamo ujenzi unadhibitiwa ili usilidhuru eneo lenyewe; maeneo ya Urithi wa Dunia, chini ya mkataba wa UNESCO wa 1972, hutarajiwa kuwa nao. Kila mmoja uwe leya yake, yaani tabaka lake peke yake, kwenye ramani. Ukikuta mabaki yanatokeza nje ya mpaka wa kisheria, usiusogeze mpaka huo. Huna mamlaka hayo. Chora yote miwili ilivyo, pima hekta zilizobaki nje, peleka kwa mamlaka husika. Nafasi kati ya mistari hiyo miwili pengine ndiyo matokeo makubwa kuliko yote uliyopata.

9. Kwenye kompyuta

Programu ya ramani ya QGIS inatosha na haina malipo. Faili la kwanza kulifungua ni nukta zako, na jambo la kwanza kuangalia ni kama zimeangukia kwenye nchi uliyokuwa. Kosa la kubadilishana latitudo na longitudo halijawahi kumwacha mtu. Kilwa Kisiwani ipo kwenye latitudo -8.95 na longitudo 39.52, zigeuze, nukta inatua karibu na mji wa Alcobaça, nchini Ureno. Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505, lakini sidhani kama walitarajia irejeshwe kwao namna hiyo.

Alama ya kutoa nayo ina tabia ya kupotea jedwali linaponakiliwa, na kisiwa cha kusini mwa ikweta kinaibuka kaskazini. Tumia desimali, si dakika na sekunde, na nafasi tano baada ya nukta: hiyo ni kama mita moja ardhini. Nafasi nane ni majigambo, simu yako haijui hivyo.

Ukihesabu maeneo kwa hekta, badilisha kwanza ramani iwe katika mfumo wa mita, kama UTM, ukichagua kanda sahihi. Dunia imegawanywa kanda 60, kila moja nyuzi 6. Hifadhi data za ramani kwa faili za aina ya GeoPackage na majedwali kwa CSV, yafunguke hata programu ya leo ikifa. Nakala ziwe tatu, moja ikae jengo lingine. Daftari la penseli lipigwe skani siku hiyohiyo jioni.

10. Nani aone nini

Mamlaka ya mambo ya kale ipewe kila kitu. Umma hapana. Viwianishi kamili vya makaburi ambayo hayana mlinzi ni mwaliko kwa wenye majembe. Kwa ramani ya wazi, punguza desimali hadi mbili, ambapo nukta inaweza kuwa popote ndani ya takribani kilomita moja, au moja tu kwa mahali pa hatari zaidi, takribani kilomita kumi na moja. Na usisahau picha: simu huandika viwianishi ndani ya faili lenyewe. Nimeona ramani iliyofichwa kwa uangalifu mkubwa, chini yake picha kumi na mbili zenye mahali kamili ndani yake. Futa taarifa hizo kwenye nakala za kutoa, zibakize kwenye za asili.

Maeneo yanayotembelewa na watalii hayana la kufichwa. Huko ramani ya wazi inasaidia, kwa sababu mpaka unaojulikana na wote ni mgumu kuumega kimyakimya.

11. Kurudi

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini 2004, yakatolewa humo 2014. Kusema hali imekuwa mbaya au nafuu kunahitaji kulinganisha, na kulinganisha kunahitaji picha mbili zilizopigwa mahali pamoja.

Kwa hiyo siku ya kwanza chagua sehemu tano au sita za kusimama, ziandike kwa viwianishi na kwa maneno: “mgongo kwenye mbuyu, tazama kaskazini-mashariki, dirisha la kushoto liwe katikati ya picha”. Chapisha picha hizo kwenye karatasi na uende nazo ziara ya pili, baada ya masika, mizizi na maji vikiwa vimeshafanya kazi yake. Simama palepale, shika karatasi mbele ya macho hadi dirisha lilingane na dirisha, kisha piga. Fomu mpya, tarehe mpya, namba ileile ya eneo. Shimo la mashariki lipimwe tena.